Nani Aingie Msafarani: Mwongozo Kamili wa Kukubali na Kukataa Wahusika Kwenye Gemu la Kuigiza Mezani

Mhusika wa kwanza niliyempitisha bila kumuuliza chochote aliishia kukaa chini ya mwembe. Tulikuwa watu watano sebuleni kwetu Mwanga, hapa Kigoma mjini, Jumamosi jioni, chai ya tangawizi mezani na dadu za ludo kwenye kikombe. Fundi simu mmoja alikuwa ameandika mhusika wa kutisha: mwindaji wa tembo, haamini mtu, halali karibu na mtu, hajibu mpaka aitwe mara tatu. Karatasi yake ilipendeza kuliko zote. Gemu likaanza, wenzake wakakubali kazi ya kupeleka mzigo wa nguo na shanga kutoka Tabora hadi Ujiji.

Nikamgeukia. "Na wewe?"

"Mimi niko chini ya mwembe, nawaangalia."

Wenzake wakafunga mizigo. "Na wewe?"

"Bado niko chini ya mwembe."

Saa mbili baadaye wenzake wameshavuka mto, yeye yuko pale pale kwenye mwembe wake, anafungua simu ya mteja kwa bisibisi. Hakuwa amekorofisha. Alikuwa anamcheza mhusika wake kwa uaminifu kabisa, na kosa lilikuwa langu mimi niliyempigia mhuri.

Tangu siku hiyo sijiulizi tena kama mhusika ni mzuri au ana nguvu kupita kiasi. Naangalia kama ana sababu ya kuamka kesho alfajiri na kufunga mzigo pamoja na hawa wengine. Mengine yote kwenye mwongozo huu yananing'inia hapo.

Kwa ambaye hajawahi kuliona, gemu hili halina ubao wala kete za kusogeza. Mmoja ni msimulizi. Wengine kila mtu ana mhusika wake, kaandikwa kwenye karatasi: jina, kazi, uwezo wake kwa namba. Msimulizi anaeleza kilichopo, mchezaji anasema mhusika wake anafanya nini, na penye shaka dadu zinaamua. Wamarekani wawili, Gary Gygax na Dave Arneson, walitoa Dungeons & Dragons mwaka 1974, na magemu mengi ya aina hii yametokana nalo. Kanuni zake za msingi ziliwekwa chini ya leseni huria Januari 2023, unazisoma bure. Sisi tunazitumia tukiwa tumezipunguza sana, na mahali pa mahandaki na majoka tumeweka njia ya misafara ya zamani. Dadu ya pande 20 madukani kwetu sijaiona. Tuna programu ya simu, na chaji ikiisha tuna vizibo 20 vya soda vilivyoandikwa namba, ndani ya soksi. Vinafanya kazi vizuri tu.

Hatua ya kwanza: nusu ukurasa kabla mtu hajashika kalamu

Ugomvi mwingi juu ya wahusika unaanza mapema kuliko unavyodhani. Kila mmoja ameandika wake akiwa na hadithi yake kichwani: huyu anawaza vita, yule biashara, wa tatu vichekesho, na wewe msimulizi unabaki kuwashona pamoja kama viraka vya kanga mbalimbali. Andika nusu ukurasa, utume kwenye kundi la WhatsApp siku tatu kabla, uwaombe wasianze chochote mpaka wausome. Wangu ulikuwa hivi:

"Ni mwaka 1871. Mtemi Mirambo yuko vitani na wafanyabiashara Waarabu wa Tabora, na njia ya kawaida ya Ujiji imefungwa. Tajiri mmoja anataka mzigo wake ufike ziwani kwa kuzunguka kusini. Nyinyi ndio mtakaoupeleka. Mambo mengi yataamuliwa kwa kupatana hongo na machifu, siyo kwa bunduki. Dawa za waganga zipo, lakini hakuna mwenye uhakika nazo. Anayekufa amekufa."

Humo mna mahali na wakati, mna kazi inayowaunganisha, mna onyo kwamba kifo ni kifo. Sentensi ninayoilinda kuliko zote ni ile ya hongo, kwa sababu inamwambia mchezaji saa zake zitapita wapi. Kila msafara ulikuwa ukitozwa hongo njiani, nguo kadhaa na shanga kadhaa kwa kila mtawala unayepita kwake, na kupatana kungeweza kula siku nzima. Mchezaji aliyelisoma hilo hakuletei bingwa wa panga asiyejua kuzungumza. Au akimleta, anajua anachokinunua.

Hatua ya pili: wahusika wazaliwe chumba kimoja

Usikubali watu waje na wahusika waliokwisha kuandikwa nyumbani. Tumia kikao kizima cha kwanza kuwatengeneza pamoja, kwa sauti, kila mtu akisikia. Mtu akisikia mwenzake anasema "mimi ni mpagazi wa Kinyamwezi", anaacha mwenyewe wazo la kuwa mpagazi wa pili na kutafuta pengo.

Wasaidie kwa kuwapa watu wa kweli wa njia ile, maana mtu akiambiwa "kuwa yeyote" anarudi kwenye sinema alizotazama. Mimi huwatajia: mpagazi, ambaye mzigo wake ulikaribia frasila mbili, kilo 30 na kitu begani, kirangozi (mtu wa mbele anayejua njia), muuza chumvi wa Uvinza, mvushaji wa mitumbwi Malagarasi, anayejua kupandisha bei mkiwa mmeshafika katikati ya mto, mkalimani mwenye lugha nne na uaminifu kwa mmoja, mganga, mke wa mpagazi, maana wanawake walisafiri na misafara hiyo, wakipika na wengine wakibeba. Dada mmoja wakala wa fedha za simu aliposikia hilo la mwisho akasema, "Basi mimi ndiye ninayetunza hesabu ya shanga, na hakuna anayekula bila mimi kujua." Mpaka leo huyo ndiye mhusika anayeogopwa kuliko wote mezani kwetu, na hajawahi kushika silaha.

Wahusika wawili wenye kazi moja siyo tatizo kubwa. Wapiganaji wawili wanaelewana. Wasemaji wawili ndio wanaogombea kila mlango, kwa hiyo wakitokea, wagawie watu wa kusema nao: huyu kwa machifu, yule sokoni.

Hatua ya tatu: kamba

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu. Kila mhusika lazima awe na kamba mbili: moja imfunge kwenye kazi, nyingine imfunge kwa mhusika mwingine aliyepo mezani. Siyo kwa mtu wa hadithini anayechezwa na msimulizi. Huyo nikimsahau, kamba imekatika.

Kamba ya kazi ni rahisi: anahitaji ujira, anamtafuta ndugu Ujiji, anakimbia kitu Tabora. Ya pili ndiyo watu wanayoikwepa, na wanaikwepa kwa sentensi moja ninayoifahamu vizuri: "Mhusika wangu ni mtu wa peke yake." Usimkatalie upweke wake. Muulize anamdai nani.

Nilifanya hivyo kwa fundi simu. Tulimrudisha mwindaji wake wa tembo jinsi alivyokuwa, bila kumfuta tabia hata moja, tukaongeza mstari mmoja: mpagazi wa kundi hili anadaiwa naye doti 12 za merikani, yaani vipande 12 vya kitambaa cha pamba. Mambo yakabadilika. Bado haamini mtu. Bado analala mbali na moto, ila sasa analala mahali anapomwona mdeni wake. Mpagazi akienda kuteka maji, mwindaji huyo nyuma. Mpagazi akikubali kazi ya hatari, mwindaji ndiye wa kwanza kupinga na wa kwanza kufuata, kwa sababu maiti hailipi deni. Mchezaji alikuwa na ukali wake wote, na sisi tulikuwa na mtu anayetembea.

Deni ndiyo kamba ninayoipenda. Utani wa makabila nao ni mzuri kwa kundi la Kitanzania, maana watani wana ruhusa ya kutukanana bila hadithi kuvunjika. Undugu wa damu una mtego wake: kaka mkubwa ataanza kuamuru. Kiapo cha kisasi dhidi ya mwenzako mezani, usiruhusu. Kinanoga vikao viwili, cha tatu mnafanya mazishi.

Hatua ya nne: cheo na majina makubwa

Binamu yangu alitaka kuwa mtoto wa Mirambo. Namwelewa, nani asiyetaka? Lakini kundi la wapagazi likiwa na mtoto wa mtemi ndani yake, wengine wote wamegeuka watumishi bila kuulizwa. Kipimo changu ni swali la moja kwa moja: "Mwenzako akikuambia subiri, utasubiri?" Akisita, cheo kipungue. Tulimfanya ruga-ruga, yaani mpiganaji, aliyetoroka jeshi la Mirambo. Alipata vita anavyovijua, siri, hofu ya kutambuliwa kila wanapokutana na wapiganaji njiani. Alichokosa ni kiti tu.

Na watu wa historia wenyewe, yaani Mirambo, Isike mtemi wa Unyanyembe, mfanyabiashara Tippu Tip, wabaki kwa msimulizi. Mirambo alifariki 1884, Isike alijilipua ndani ya boma lake 1893 asikamatwe na Wajerumani. Mchezaji anayejua siku ya kufa kwa mhusika wake ama hataogopa chochote kabla ya hapo, ama atakubishia kila kitu kwa kutafuta kwenye simu.

Hatua ya tano: yasiyoguswa

Hili lifanyeni kwa karatasi. Kila mtu, wewe ukiwemo, anaandika bila jina lake vitu ambavyo hataki vitokee mezani, anakunja, anatupia kwenye kopo. Msimulizi anasoma kwa sauti, hakuna anayeuliza ni nani wala kwa nini.

Nilidhani ni mbwembwe mpaka jioni moja mchezaji mmoja alipomleta mhusika mwenye kazi ya kuchoma vijiji, na akaanza kueleza jinsi anavyofanya. Kijana mmoja aliyekuwa akicheza nasi akainuka, akasema anakwenda kuangalia mvua. Mvua haikuwepo. Mkoa wetu umepokea watu wa Burundi na Kongo miaka mingi. Kambi ya Nyarugusu kule Kasulu ipo tangu 1996. Mezani kwa watu watano wa Kigoma, nyumba inayoungua inaweza kuwa nyumba ya mtu. Nilisimamisha gemu, nikamfuata nje, tukakaa barazani bila kusema sana. Mhusika yule alibadilishwa kabla ya Jumamosi iliyofuata, na kwenye kopo la safari hiyo kulikuwa na karatasi mbili zenye neno "moto".

Kuna mawili sisubiri kopo kuyaamua. Mhusika anayetafuta viungo vya watu kwa ajili ya utajiri haingii, awe wa kuchekesha au wa kutisha. Pande zetu za magharibi na Kanda ya Ziwa watu wenye ualbino wameuawa kweli, na hilo siligeuzi burudani. Pili, mhusika wa mchezaji hauzi binadamu. Biashara ya watumwa ilipita njia hiyo hiyo ya Ujiji na Tabora, kwa hiyo hadithini ipo, na huyo tajiri mwenye mzigo mikono yake si safi. Wachezaji wakabiliane nayo, waibe funguo, wakatae ujira, wajadiliane usiku kucha. Lakini asiwepo mezani mtu anayepiga dadu ili apate bei nzuri ya mtu. Mhusika aliyetoroka utumwani ninampokea mchezaji mwenyewe akimtaka. Sitamkabidhi mtu mhusika huyo, na sitaruhusu mwingine amtanie kwa hilo.

Kuhusu uchawi, tenganisheni mapema mganga na mchawi, kila kundi kwa imani yake. Kwetu kuna mwanakwaya aliyesema wazi kwamba hawezi kutamka maneno ya kuita mizimu, hata kwa kuigiza. Hakuna taabu. Mhusika wake anatibu kwa mizizi na majani, namba ni zile zile, maneno ndiyo hayamo.

Hatua ya sita: namba

Uwezo wa mhusika unapimwa kwa vitu sita: nguvu, wepesi, ustahimilivu, akili, busara na mvuto. Desturi ya zamani ni kurusha dadu tatu za kawaida, za pande sita, na kujumlisha, mara sita. Inapendeza masikioni, lakini tazama hesabu. Dadu tatu zina miangukio 216. Kupata 18 ni mmoja tu kati ya hiyo; 10 au 11 ni miangukio 54, robo nzima. Kwetu dada wa fedha za simu alipata tano kati ya sita zinazozidi 13, fundi simu hakupata hata moja iliyozidi 11, na walipaswa kutembea njia moja miezi mitatu ya Jumamosi.

Mimi sasa nawapa wote seti moja: 15, 14, 13, 12, 10 na 8, kila mtu aipange atakavyo. Jumla yake ni 72, wakati dadu tatu kwa wastani zinakupa 63. Ile 8 ni ya lazima, na ndiyo huwa naiangalia kwanza kwenye karatasi. Mtu akiiweka kwenye mvuto, namuuliza mhusika wake anaudhi watu kwa namna gani.

Wote waanze daraja la kwanza. Kijitabu cha 1974 cha Gygax na Arneson kiliruhusu mchezaji awe karibu chochote, hata joka, mradi aanze dhaifu na kupanda polepole kama wenzake. Hekima hiyo imenisaidia zaidi ya orodha ndefu za makatazo.

Kukataa bila kuvunja urafiki

Kama nilivyokwisha kuonyesha, mara nyingi hukatai, unapunguza. Lakini namna ya kusema ina uzito. Usimkatalie mtu mbele ya wengine. Mvute pembeni au mpigie simu, na kwanza mweleze ulichokipenda.

"Kaka, kwa hiyo umenikatalia."

"Sijakukatalia, dogo. Huyu mtu wako anayejua dawa ya kugeuza risasi kuwa maji, namtaka. Sijui tu wenzako wataogopa nini akiwepo."

"Aah. Basi iwe inafanya kazi mara moja moja."

"Na nani anajua lini?"

"Hata yeye hajui."

Tukapata mhusika bora kuliko wa mwanzo, na wazo lilikuwa lake.

Kwa mkubwa wako mambo ni tofauti. Tuna mwalimu mstaafu mezani, alikuja na kurasa saba za maisha ya mhusika wake, kuanzia babu. Huwezi kumwambia mtu uliyemwamkia shikamoo dakika tano zilizopita kwamba kazi yake haifai. Nikamwomba msaada: "Mwalimu, katika haya yote, ni jambo gani moja ambalo huyu mzee hajalimaliza?" Akafikiri, akapiga mstari chini ya sentensi moja ukurasa wa tano. Hiyo ndiyo tuliyoitumia. Kurasa nyingine sita anazo, na kila tukipumzika kunywa chai anatusomea kidogo.

Vikao viwili vya kujaribu

Mhuri wako wa kwanza usiwe wa mwisho. Waambie wote kwamba baada ya vikao viwili kila mtu ana ruhusa ya kubadilisha chochote, kazi, namba, hata mhusika mzima, bila kutoa maelezo.

Sokwe ndiye aliyenifundisha hili. Ukiishi jirani na Gombe, siku moja mtu atataka kuwa sokwe, na mimi nilimkubali: mdogo, dhaifu, anaelewa Kiha ila hasemi. Kamba alikuwa nayo, maana mke wa mpagazi ndiye aliyemlea. Kila kitu kilikuwa sawa kwenye karatasi. Kikao cha kwanza tulicheka mpaka jirani akagonga ukuta. Cha pili tulikuwa kwa chifu, tunapatana hongo, saa nzima na nusu, na mchezaji wa sokwe alikuwa amemaliza karanga zote za mezani. Mwenyewe alisema, "Naomba mtu mwenye mdomo." Nilikuwa nimeandika kwa mkono wangu kwamba mengi yataamuliwa kwa kupatana, kisha nikapitisha mhusika asiyeweza kupatana. Sokwe alibaki hadithini kama rafiki wa msafara, na mchezaji akawa mkalimani.

Anayeingia katikati

Wahusika hufa, na wachezaji wapya huja. Msafara una faida moja: umejaa watu. Tangu kikao cha kwanza, ninapotaja wapagazi wengine nampa kila mmoja alama moja tu na kuiandika daftarini: mwenye kikohozi, mwenye filimbi, anayelala amekaa. Atakayehitaji mhusika mpya anachagua mmoja wao. Kamba ya kazi anayo tayari, na ile ya pili wenzake huitengeneza wenyewe, kwa sababu wameshamwona.

Mwindaji wa fundi simu alikufa kwa homa karibu na Uvinza, doti saba zikiwa bado hazijalipwa. Tulikaa kimya kidogo. Mpagazi aliyekuwa akidaiwa ndiye aliyechimba kaburi, akaweka doti mbili juu yake. Fundi simu akakunja karatasi yake, akaitia mfukoni, akamwaga chai iliyopoa, akajimiminia nyingine.

"Yule mwenye kikohozi," akasema, "ana jina?"